Mtoto wa Kwanza Yupo?

...neno moja tu, alifariki, si neno refu, na Odeta alikuwa amelibeba mdomoni tangu alfajiri, amelivusha ziwa kutoka Kamanga bila kuzungumza na abiria yeyote asije akalidondosha majini, amelipitisha getini, amevaa nalo gambuti na aproni na kofia ya kufunika nywele, amesimama nalo kwenye meza ya kukatia minofu mpaka alipoitwa ofisini kujaziwa fomu ya likizo ya uzazi, na sasa Madamu Sheetal, afisa utumishi wa kiwanda, alikuwa ameshauliza, ameuliza kwa sauti ile ile aliyoulizia jina la mume na namba ya simu, mtoto wa kwanza yupo?, vidole vimekaa juu ya kompyuta vikisubiri, Odeta akavuta pumzi, akafungua mdomo, na hapo hapo simu ya Madamu ikaita, Madamu akaitazama, akasema, "Samahani dada, ni nyumbani," akageuza kiti upande wa dirisha, na swali likabaki pale pale lilipowekwa, juu ya meza, kati ya kalamu na glasi ya maji, hakuna aliyeliondoa... funga mdomo, alijiambia, umeuacha wazi kama sangara kwenye barafu, neno haliendi popote, litasubiri... na kwa nini lisisubiri, yeye mwenyewe amesubiri wiki nzima, tangu siku ile msimamizi wa zamu alipoiona aproni yake inavyokaa tumboni akamwambia kwa sauti ya chini nenda utumishi mapema, usingoje waseme wao, naye akaenda, na Madamu akamweleza kwa upole, hakumkaripia, ni haki kusema kwamba hakumkaripia, likizo ya uzazi yenye malipo ni mara moja katika kila miaka mitatu, ndivyo sheria ilivyo, na wewe ulikwenda mwaka jana tu, miaka mitatu bado, kwa hiyo safari hii utajifungua kwa likizo yako mwenyewe, bila mshahara, na mkataba wako unaisha mwezi huo huo, sasa mimi sijui wakubwa watasemaje juu ya kuongeza mwingine, kisha akatazama kompyuta, akaongeza kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa pembeni, isipokuwa kama yule wa kwanza angekuwa amefariki kabla hajatimiza mwaka, hapo sheria inakupa nyingine, na malipo yake... hakumaanisha kitu, Odeta aliliona hilo usoni mwake, alikuwa anasoma tu, lakini maneno hayajali aliyeyasema alimaanisha nini, yalimfuata Odeta mpaka mezani kwake, yalivuka naye kivuko, yaliingia naye chumbani, akamwambia Obedi yote, alivyoambiwa, mpaka lile la pembeni, na Obedi, mume wake, fundi wa kujenga ambaye tangu mvua zianze hajaitwa hata kuziba ufa, alikuwa ameinama anashona ndala, alisikiliza mpaka mwisho, sindano ikaendelea kuingia na kutoka, kisha akasema bila kuinua uso, "Basi sema amefariki."

"Mashimba?" Odeta aliuliza, kana kwamba wana mtoto mwingine.

"Nani ofisini kwenu amewahi kumwona? Yuko Nansio kwa bibi yake. Cheti kikitakiwa nitajua pa kuuliza. Maneno hayaui mtu, Odeta. Njaa ndiyo inaua."

Na aliposema hivyo akaweka ndala chini, akatoka, akasimama nyuma ya nyumba ameelekea ukutani, muda mrefu, na Odeta hakumfuata kwa sababu hakutaka kujua kama analia, Mashimba ni jina la marehemu baba yake Obedi, yeye Obedi ndiye aliyelichagua, alisema jina la mzee lisipotee... "Umempima tena, Kija?" Madamu alikuwa anauliza kwenye simu, "kipimajoto weka kwapani, si mdomoni, anaweza kukiuma... thelathini na tisa? Una uhakika?" na Odeta akaelewa kwamba ni mtoto, kumbe na wao watoto wao wanachemka, Kija ni dada wa kazi wa Madamu, kiwanda kizima kinalijua jina lake kwa sababu Madamu huliita mchana kutwa kwenye simu, Kija amekula, Kija amelala, Kija usimtoe nje kuna jua, na siku moja Odeta alijiuliza wa Kija mwenyewe wanalelewa na nani, akaacha kujiuliza, kwa sababu ukianza kuhesabu mikono hiyo hutafika mwisho, mtoto wa huyu yuko mgongoni kwa yule, wa yule yuko kwa bibi, na bibi kiuno kinauma... angekuwa na Kija wake, hata nusu ya Kija... alirudi kazini likizo ilipokwisha, zile siku themanini na nne ambazo wanawake wa kiwandani wanazijua kama Baba Yetu, mtoto shingo ndiyo kwanza inakaza, na sheria ikampa saa mbili za kunyonyesha kila siku, hazikuwa uongo, zilikuwepo, lakini mstari wa minofu hausimami kwa ajili ya ziwa la mtu, kutoka kwenye chumba cha kukatia ni kuvua kila kitu na kunawa, kurudi ni kuvaa kila kitu na kunawa tena, kwa hiyo wakakubaliana na msimamizi kwamba saa zake mbili atazichukua mwisho wa zamu, aondoke kabla ya wenzake, na yeye akakubali kwa furaha, hakujua kwamba maziwa hayana habari na makubaliano, maziwa yalikuwa yanakuja asubuhi katikati ya kazi, mlango wa chumba cha baridi ukilia kidogo tu kama kitoto yanashuka, yanalowesha sidiria, yanalowesha aproni, na ubaridi ule unayageuza kuwa kibati kifuani, naye anakata mnofu, anasukuma, anakata mwingine, mpaka apate ruhusa ya kwenda msalani akayakamulie kwenye sinki, meupe, yakizunguka tundu la bomba na kuondoka, na mwenye maziwa hayo yuko karibu, hapo hapo Igogo, juu kidogo kati ya mawe, kwa mama mmoja aliyekuwa anatandika mkeka sebuleni na kupokea watoto wa wanawake wa kiwandani, kila alfajiri Odeta alivuka naye kutoka Kamanga amemfunga mgongoni, anamkabidhi, anashuka, na kutoka dirisha la msalani aliliona bati la nyumba ile, angepaza sauti pengine wangemsikia... siku umeme ulipokatika kiwandani wakaruhusiwa mapema alipanda mbio mbio, kifua kimejaa, akafungua pazia, akakuta watoto wamelala mkekani mchana kweupe, wote, wamepangwa, hakuna anayelia, hakuna anayecheza, akamnyanyua Mashimba na kichwa kikaanguka nyuma, akampigapiga mashavu, akamwekea ziwa mdomoni, maziwa yakatoka pembeni ya midomo, hakumeza, na yule mama hakuona haya wala hakukasirika, alisema ni dawa ya kikohozi tu, kijiko kimoja, nisipowapa nitawamudu vipi na mikono hii miwili, mwanangu, niambie wewe... na kweli alikuwa na mikono miwili, na watoto wale walikuwa wa wanawake waliosimama meza moja na Odeta, aliwajua kwa sura zao, yule ana pua ya Hellen, yule ana paji la uso la yule dada wa kupima uzito, akaketi pale chini na mtoto wake mapajani mpaka jioni alipoamka na kulia, na kilio kile kilikuwa kitamu masikioni mwake, Jumapili akampeleka Nansio.

Hata kumwachisha ziwa hakumwachisha, alimwacha tu, akapanda meli, na kifua kiliuma njia nzima, kila mtoto aliyelia kwenye meli alimtoa maziwa, siku kadhaa akajifunga khanga kwa nguvu mpaka yakakoma, mama yake Teodora alimpokea mjukuu kwa mikono yote miwili, alisema tu, "Umri huu wa mtoto, nyie tulikuwa bado tunawabeba kifuani," na kweli Odeta na ndugu zake walinyonya mpaka wakatembea, mpaka wakaja wenyewe na kufungua nguo ya mama wakiwa wamesimama, na mwanamke hakushika mimba nyingine kabla hajamaliza kulea... "Bibi asimfunike blanketi," Madamu alisema, sauti imeanza kubana, "mwambie daktari alikataza... najua ni mkubwa, Kija, najua huwezi kumkataza, mwambie mimi nimesema... basi mpe simu niongee naye... haya, amekwenda kusali, haya," na akaiweka simu sikio la pili, akamtazama Odeta mara moja kwa macho ya kuomba radhi, akageuka tena dirishani ambako makorongo yalikuwa yamejipanga, yamekunja mabawa kama wazee waliovaa makoti, juu ya paa la banda la kuhifadhia mapanki, ile mifupa inayobaki minofu ikishakatwa, na Odeta akafikiri sasa hivi angekuwa ameshamaliza, kama simu isingelia angekuwa ameshalisema na Madamu ameshasema pole sana, angesema pole, lazima, na pole ile Odeta angeipokea na kusema asante... asante ya nini... degedege, ndivyo walivyopanga na Obedi, alipata degedege akiwa na miezi kumi, Nansio, uongo mzuri ni ule unaokaa jirani na ukweli, na degedege ilikuwa ya kweli, miezi kumi ilikuwa ya kweli, mama yake alipiga simu asubuhi ya siku yake ya mapumziko, siku aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya kliniki, sindano yake ya uzazi wa mpango, alikuwa ameshavaa, ameshika kadi mkononi, mama akasema mtoto amekakamaa, macho yamegeuka, tuko hospitali, na Odeta hakusimama kufikiri, akageuza njia akaenda bandarini, nani asingegeuza, akamkuta wodini amefungiwa mkono kwenye kipande cha boksi ili dripu isitoke, bibi yake anampepea kwa mfuniko wa sufuria, na ule mkono mdogo juu ya boksi, maandishi ya sabuni yanaonekana chini yake... alikaa naye mpaka homa ikashuka, mtoto akafungua macho, akamtazama Odeta, akatazama huku na huku mpaka akamwona bibi, hapo ndipo akatulia, akafumba tena, akaishi, akaishi kabisa, wiki iliyofuata bibi alisema anatambaa anafukuza kuku, na ile sindano ikawa imepita, ruhusa ameshaimaliza, ziwa likatema samaki wengi zamu zikaongezwa, nitakwenda wiki ijayo, nitakwenda ijayo, mpaka siku alipokwenda na muuguzi akamwambia tupime kwanza... kwa hiyo panga vizuri kichwani, Odeta, panga kama minofu, ulikosa sindano kwa sababu ulikwenda kuhakikisha kwamba hafi, mimba hii imeingia kwa sababu hakufa, na leo ili mimba hii isikufukuzishe kazi inatakiwa useme alikufa, ugonjwa ule ule, wodi ile ile, unageuza mwisho tu, mkono uko kwenye boksi, bibi anapepea, na homa haishuki... hapana... homa haishuki, bibi anaacha kupepea, anaweka mfuniko chini... hapana, hapana, usiende huko, neno ni moja, hakuna anayetaka uone picha yake, lakini aliiona, na alijua kwamba kila atakapolisema neno lile ataiona, kwa sababu huwezi kumzika mtu bila kuona kaburi.

Na Paskazia... Paskazia anakata naye meza moja, bega kwa bega, mtoto wa Paskazia alikufa kweli, nimonia, hajafikia hata kukaa, na aliposhika mimba tena mapema akapewa ile likizo ya pembeni ya sheria, na malipo, na siku aliyokuja kuaga kwenye chumba cha kubadilishia nguo mwanamke mmoja ambaye naye alikuwa ametoka kukataliwa ya kwake alisema, si kwa ubaya, kwa uchovu tu, Paskazia una bahati, na Paskazia akaendelea kufungua kamba za aproni yake, hakugeuka, akasema, "Bahati yangu nimeizika kwa mikono yangu. Anayeitaka akafukue." Akakunja aproni, akaiweka kwenye kapu, akatoka, na sasa Odeta atarudi mezani na kusimama bega kwa bega naye, na Paskazia anajua, Paskazia ndiye aliyempa sweta la kumpelekea mtoto Nansio, sweta la bluu lililokuwa la marehemu, alilileta kwenye mfuko akasema mvalishe, lisikae tu, na ziwani kuna baridi... habari za ofisini hazikai ofisini, zitamfikia, ataambiwa kumbe na mwenzako naye aliondokewa, pole zenu, na Paskazia hatasema kitu, atakata mnofu wake, ndiyo itakuwa mbaya zaidi, kwamba hatasema kitu.

"Hapana, usimwogeshe maji ya baridi, umwogeshe ya uvuguvugu," Madamu alisema, "analia?... Kwa nini halii?" na lile kwa nini halii likampita Odeta kama kisu cha baridi, akajishika mkono wake mwenyewe chini ya meza, maneno yanaumba, bibi yake mzaa mama alikuwa hamruhusu mtu kusema hata mtoto amelala kama mfu, alikuwa anatema mate pembeni na kusema mwana yupo, mwana ni mzima, na wao watoto walimcheka, sasa Odeta hakucheka, alifikiri, nikisema hapa Mwanza amefariki, litavuka maji, litafika Nansio kabla ya meli, litamkuta anacheza uani... upuuzi, Obedi angesema upuuzi, maneno hayaui, njaa ndiyo inaua, na Obedi hasemi uongo, hiyo ndiyo shida, mshahara huu ndio unga wa Nansio na maziwa ya kopo na dawa na nauli ya meli, ukikatika atakayelala njaa ni huyo huyo Mashimba, kwa hiyo unamuua kwa mdomo ili umlishe kwa mkono, maiti huyo kesho asubuhi ataamka aombe uji, na uji utakuwepo kwa sababu alikufa, na usiposema, haya, sema ukweli, uone, mkataba unaisha, tumbo liko mbele, nani anaajiri tumbo, Obedi ana ndala za kushona, na huyu wa pili umpeleke wapi, mama yake alishasema juzi kwenye simu, alisema taratibu, kwa aibu, kama yeye ndiye mwenye kosa, "Huyu mmoja nimemudu, mwanangu. Wa pili kiuno hakitakubali. Usinielewe vibaya," na Odeta alimwelewa, alimwelewa vizuri sana, akasema mtandao unasumbua mama, akakata... nchi nzima inamwambia jambo moja kwa sauti ya upole, kiwanda kwa upole, mama kwa upole, yule wa mkekani kwa upole, kila mmoja ana sababu yake na kila sababu ni ya kweli, hakuna wa kumgombeza, angalau wangemtukana.

Na mara ya mwisho alipokwenda Nansio, mwezi uliopita, alishuka melini na biskuti na kofia mpya, mtoto sasa anatembea, anatembea kwa kuchanua mikono kama anavuka daraja la mti, Odeta akachuchumaa njiani, akafungua mikono, njoo kwa mama, na mtoto akasimama, akamtazama, akarudi kinyumenyume mpaka akashika khanga ya bibi yake, akajifunika nayo uso, bibi akacheka kicheko cha haya, akamsukuma kidogo, akamwambia huyu nani, mwambie huyu nani, na wale watoto wa jirani, ambao huwaita wageni wote wa kike kutoka mjini anti, wakasema kwa pamoja ni anti, ni anti ameleta biskuti, na Mashimba akatoa jicho moja kwenye khanga, akasema, "Ati," akanyoosha mkono, akachukua biskuti, akaenda zake... siku nzima alikuwa anti, alimwogesha akiwa anti, alimlisha ugali wa muhogo na furu, akimtolea miba kwa vidole, akiwa anti, na jioni gatini mtoto alimpungia mkono bila kulia hata kidogo, akifurahia meli, na bibi alisema atakujua tu, mtoto hujua anayemwamsha asubuhi, ukianza kumwamsha wewe atakujua... na hapo, kwenye kiti kile cha ofisini, kitu kilimjia Odeta ambacho hakuwa amekiona, wala Obedi hakukiona na ndala zake, kwamba wakishasema amefariki atabaki amefariki, haitakuwa ya siku moja, akija Mwanza siku moja, akiwa na miaka mitatu, na minne, anataka kuanza shule, wakikutana na mtu wa kiwandani kivukoni, na watakutana, ataulizwa huyu kijana mzuri ni wa nani, naye Odeta itabidi aseme ni wa ndugu yangu, na mtoto atakuwa ameshika mkono wake, atainua uso kumtazama, atamwita anti mbele za watu, na itabidi amjibu, abee, na atakuwa amesema sawa, mtoto atakuwa amesema sawa kabisa, hakuna atakayemsahihisha tena, bibi atakaa kimya, baba yake atakaa kimya, na yeye Odeta aliyedhani anamuua mtoto kwa mdomo, kumbe anayekufa si mtoto, mtoto ataendelea kula na kufukuza kuku, anayeondoka ni yule aliyechuchumaa njiani na mikono wazi, mama yake, huyo ndiye atakayeandikwa pale kwenye kompyuta kwamba hayupo... na si kwamba hayupo tayari? sauti nyingine ilimuuliza ndani, sauti kavu, huyo mama alifia wapi, hakufia kwenye sinki la msalani, hakufia gatini Nansio mwaka jana?, unalinda nini, Odeta, linda mkate... akainama, akatazama magoti yake, cha kuijibu sauti ile alikuwa na khanga ya bibi tu na jicho moja linalochungulia, na lile jicho, haya, lilikuwa linachungulia, halikuwa limefumba, mtu anayejificha huku anachungulia bado hajaamua, anataka kuona kama utaendelea kuchuchumaa...

Madamu alikuwa ameinuka, amesimama dirishani amempa mgongo, kiganja kwenye kioo, "Siwezi kutoka, Kija, wakaguzi wa wanunuzi wako njiani wanatoka uwanja wa ndege, ningeweza ningekuwa nimeshafika," na sauti haikuwa tena ya ofisini, ilikuwa imeshuka, imekuwa nyembamba, sauti ambayo Odeta aliijua kwa sababu ni yake mwenyewe siku ile ya kadi ya kliniki, "sikiliza Kija, niambie kitu kimoja tu, ingia chumbani unitazamie, mtoto yupo? Yupo macho?"

"Yupo," alisema Odeta.

Alilisikia chumbani kabla hajajua ni mdomo wa nani uliolisema, Madamu akageuka, simu bado sikioni, wakatazamana, na kwenye simu Kija alikuwa anasema kitu, sauti ndogo kama ya nzi ndani ya chupa, Madamu macho yake yalikuwa mekundu, pengine alidhani mfanyakazi huyu anamfariji, pengine hakusikia vizuri, hakuenda kwenye kompyuta, hakuandika, aliinua kidole, subiri kidogo dada, akageukia tena dirisha, akamwambia Kija ampe maji kwa kijiko, kidogo kidogo, asimlazimishe, na Odeta akabaki na kidole kile kilichokwisha kushushwa, akafikiri, haijaandikwa, bado naweza, nikiulizwa tena nitasema ulinisikia vibaya, nilikuwa namsemea wako, na akalitafuta lile neno la alfajiri pale mdomoni alipokuwa amelilaza, chini ya ulimi, akalitafuta kwa nguvu, kwa hofu hasa, kwa sababu alilihitaji, Mungu wangu alilihitaji, na halikuwepo, na badala yake vikaja vile vyote vilivyokuwa vinasubiri nje ya mlango, mkataba, tumbo mbele, kivuko cha jioni, Obedi atauliza tu umesema?, na atakapojibiwa atashika ndala nyingine, kiuno cha mama yake, huyu wa ndani ambaye hana kosa na hana mahali, vyote vikaingia, vikakaa, hakuna kilichopungua hata kimoja, na hakujua, hakujua kabisa kitakuwaje baada ya mwezi ule, labda mwakani atakaanga dagaa barabarani na watoto wawili miguuni, labda hata dagaa hakuna, akalijaribu tena kimoyomoyo aone kama linauma, yupo, likauma, yupo, anaitwa Mashimba, yuko Nansio, ni wa kwangu, haniiti mama lakini yupo, na Madamu alikuwa bado amempa mgongo, bado anasema kidogo kidogo Kija, kidogo kidogo, na nje korongo mmoja alitua juu ya paa wengine wakasogea kumpa nafasi, na Odeta akakivuta kiti chake karibu na meza, mpaka magoti yakagusa mbao, ili akiulizwa tena asikike vizuri.